Kuhamisha Kuku Upareni

Kuhamisha kundi kubwa la kuku ni kazi ya kutawala vitu viwili, hewa na giza. Kuku hatokwi na jasho. Joto la mwili wake, nyuzi 41 hivi, hulipunguza kwa kuhema mdomo wazi na kwa kuachanisha mbawa na kiwiliwili, na akibanwa mahali pasipo upepo hana njia ya tatu. Gizani haoni vizuri, kwa hiyo hutulia na kukubali kushikwa.

Wilaya ya Same huupima ufundi huo kuliko sehemu nyingi. Mji wenyewe uko tambarare, magharibi mwa milima ya Upare Kusini, kwenye mwinuko usiofika mita 900, ambako mvua ni haba na jua la adhuhuri halina huruma. Juu yake milima inapanda hadi kilele cha Shengena, zaidi ya mita 2,400, ndani ya msitu wa Chome wenye ukungu. Kila mita 1,000 za kupanda hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Kwa hiyo kuku wanaotoka mjini kwenda vijiji vya juu, kama vile Mbaga, hupita majira mawili kwa safari ya saa chache: huondoka wakihofiwa joto, hufika wakihofiwa baridi. Anayeteremka nao ndiye mwenye kazi ngumu zaidi, kwa sababu joto huua kuku wazima upesi kuliko baridi.

Kazi huanzia kule wanakokwenda. Banda jipya hukamilika kabla kuku wa kwanza hajashikwa: fito za kulalia zimefungwa, vyombo vya maji vimejazwa, na sakafu imetandikwa maranda au pumba za mpunga, ambazo hupatikana wilayani kutokana na mashamba ya umwagiliaji ya Ndungu. Mlimani matandiko huwa mazito zaidi na hulindwa yasilowe, maana unyevu hukuza ugonjwa wa kuhara damu. Pembe za banda huzibwa kwa mbao ziwe mviringo; sababu yake huonekana usiku wa kwanza.

Chanjo ya kideri nayo haingoji siku ya safari. Chanjo ya I-2 ilitengenezwa Australia kwa ajili ya vijiji vya nchi za joto, ambako jokofu ni adimu. Hutolewa kwa tone moja la jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ikitolewa wiki mbili au tatu kabla ya kuhama, kinga huwa imeshajengeka. Kundi lenye dalili za ugonjwa halihamishwi hata kidogo. Kulihamisha ni kuulipia ugonjwa nauli. Ndiyo maana afisa mifugo huwakagua kuku na kutoa kibali cha kuwasafirisha. Wafugaji wengi hukinung'unikia kibali hicho, na hawana haki.

Siku ya kuondoka chakula hukatwa saa chache kabla ya kukamata, maji huachwa mpaka dakika za mwisho. Kukamata ndiko kunakomtambulisha fundi. Asiyejua kazi huingia mchana na kuwafukuza. Vumbi hutimka, kuku hurundikana pembeni, na walio chini hufa kwa kukosa hewa kabla gari halijawashwa. Fundi huingia saa nane za usiku akiwa na tochi iliyofunikwa kwa kitambaa chekundu, haneni ila kwa kunong'ona, na huwatoa kwenye fito mmoja mmoja. Viganja viwili hushuka kwa pamoja juu ya mbawa na kuzibana kwenye kiwiliwili, na kuku aliyeshikwa hivyo hapigi kelele, hivyo jirani yake haamki. Ni utulivu huo, zaidi ya kasi ya mikono, unaowezesha watu wanne kumaliza banda zima kabla ya alfajiri. Kuwabeba vichwa chini, wanne wanne mkono mmoja, kumezoeleka magulioni, lakini mitetea wanaotaga hawakuhimili: madini ya mifupa yao huishia kwenye maganda ya mayai, hivyo miguu na mbawa huvunjika kirahisi.

Tenga la mianzi hupitisha upepo vizuri na huonekana zuri, ila halisafishiki. Kinyesi hujificha kwenye mafundo, na tenga lililotoka gulioni jana linaweza kubeba kideri leo. Kwa kundi kubwa, kreti ya plastiki inayooshwa kwa dawa ina faida zaidi, hata kama haipendezi. Moja hutosha kuku 10 hadi 12 wa mayai, kwa hiyo kuku 500 huhitaji kreti karibu 50. Wakibanwa mno hukosa hewa, wakilegezewa mno hutupwatupwa kwenye kila kona ya mlima. Kuku mmoja aliyetulia hutoa joto la wati 10 hivi. Wote 500 ni kama pasi tano za umeme zilizowashwa ndani ya gari moja. Ndiyo sababu safu za kreti huachiwa mianya katikati kabla ya kukazwa kwa kamba za katani, na ndiyo sababu dereva haegeshi stendi ya Same ili anywe chai: gari likisimama, upepo nao husimama. Gari likianza kupanda, turubai hushushwa upande wa mbele tu, nyuma huachwa wazi.

Wakifika hupewa maji kwanza, chakula baadaye. Jioni hurundikana pembeni kwa hofu ya mahali pageni, na hapo pembe zilizozibwa huokoa maisha. Hata hivyo mtu huingia na taa hafifu, huwatawanya na kuwapandisha kwenye fito kwa mkono. Mayai hupungua kwa siku kadhaa. Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norwei alieleza mwanzoni mwa miaka ya 1920 jinsi kuku wanavyopangana kwa cheo cha kudonoana. Kundi lililohama pamoja hubaki na vyeo vyake, lakini likichanganywa na wenyeji vita huanza upya.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wasemavyo Waswahili, lakini kamba haziwezekani kwa mamia. Badala yake kuku wa kienyeji hufungiwa bandani wiki moja hadi mbili. Mara ya kwanza hufunguliwa saa moja tu kabla ya giza, wakiwa na njaa, na chakula huwekwa ndani, ili njaa na giza viwarudishe vyenyewe. Wachache hung'ang'ania kulala juu ya miti. Hao hushushwa usiku na kuwekwa kwenye fito, jioni baada ya jioni, mpaka waingie bandani pamoja na wenzao.