Deni Lililotangulia Ndoto

Hotuba aliyoitoa Mchungaji Martin Luther King mjini Washington tarehe 28 Agosti 1963 ni miongoni mwa hotuba ambazo wengi huzijua na wachache wamezisikia. Tulio wengi tumesikia sehemu moja tu, ile ya ndoto, ambayo haifiki hata nusu ya maneno yake. Sehemu hiyo husikika redioni, hufundishwa mashuleni na hukaririwa na viongozi wa kila namna, hata wale ambao msemaji mwenyewe yamkini angewahesabu miongoni mwa wadaiwa wake. Hotuba nzima huchukua dakika 17 hivi. Muda huo si mrefu. Lakini mwenye kuutoa kwa utulivu ataona kwamba hotuba aliyoisikia siyo ile aliyoizoea.

Nakiri kwamba kosa la kuikata nimelitenda mimi pia. Kwa miaka kadhaa niliwapa wanafunzi wangu sehemu ya mwisho peke yake, kwa sababu takriri zake ni bayana na saa ya darasa ni fupi. Mwaka mmoja mwanafunzi hodari aliandika katika insha yake kwamba King aliwafundisha watu wake kusubiri kwa matumaini. Nilishika kalamu nimsahihishe, kisha nikaiweka chini. Kwa kadiri ya maneno niliyompa, hakukosea. Aliyekosa ni mwalimu. Juma lililofuata tulikaa darasani tukaisikiliza hotuba yote, tangu neno la kwanza hata la mwisho.

Msemaji anaanza kwa hesabu. Amesimama mbele ya jengo la ukumbusho wa Abraham Lincoln, na mbele yake wapo watu wapatao 250,000. Anakumbusha Tangazo la Ukombozi la tarehe 1 Januari 1863, akiitaja miaka kwa namna ile ile ambayo Lincoln aliianzia hotuba yake ya Gettysburg. Kisha mara nne anarudia kwamba miaka 100 imekwisha pita, na mtu mweusi bado hajawa huru. Hapo ndipo anapoingiza habari ya benki. Waasisi wa Marekani, asema, walitia sahihi hati ya kuahidi malipo kwa kila raia; mtu mweusi alipoipeleka hundi yake ilirudishwa, eti fedha hazitoshi. Waandamanaji wamekuja katika mji mkuu kudai walipwe.

Msikilizaji Mswahili hana haja ya kuelezwa istiara hii. Sisi husema kwamba ahadi ni deni, na kwamba dawa ya deni ni kulipa. Jambo ambalo King alilijenga kwa hati, hundi na hazina, methali zetu mbili zimelibeba kwa maneno machache. Hata hivyo ipo tofauti inayofaa kuangaliwa. Methali yetu mara nyingi humwonya aliyeahidi. King anamgeukia aliyeahidiwa, na kumpa haki ya kwenda kubisha hodi.

Wala hakubali kulipwa kidogo kidogo. Anarudia kwamba wakati ni sasa, na mwendo wa polepole anaufananisha na dawa ya kumtuliza mtu. Anawaonya wanaodhani kwamba watu weusi walitaka kutoa hasira zao tu, kisha warudi makwao wameridhika. Anataja ukatili wa polisi, nyumba za wageni zinazowafungia wasafiri milango, mtu wa Mississippi asiyeweza kupiga kura na mtu wa New York asiyeona la kupigia kura. Anawakataza watu wake chuki na mapigano, lakini katazo hilo haliyapunguzi madai: mdai mwenye haki hana sababu ya kujichafua mikono.

Mhakiki asifiche kasoro. Katika sehemu hii ya kwanza istiara zimesongamana: kisiwa, bahari, bonde, mchanga na mwamba hupita upesi, na sikio huchoka. Msemaji anasoma karatasi, na sauti yake imejizuia. Tena maandamano yale yalikuwa ya kazi na uhuru, na miongoni mwa matakwa yake ulikuwamo ujira usiopungua dola 2 kwa saa. Jambo hilo King hakulitaja.

Zaidi ya nusu ya muda ikiisha, anaiacha karatasi. Maneno ya ndoto hayakuwamo katika maandishi aliyoyatayarisha. Waliokuwa karibu wamesimulia kwamba mwimbaji Mahalia Jackson alimpazia sauti awaambie watu habari ya ndoto. Lakini hakuyazua papo hapo, kwa maana alikwisha kuyatumia Detroit mwezi Juni mwaka ule ule. Alifanya kama afanyavyo malenga mwenye akiba ya tungo, ambaye hujua saa ya kuifungua. Sauti inapanda, na hadhira inaitikia kama waumini kanisani.

Neno ndoto lina hatari katika lugha yetu, kwa kuwa liko jirani sana na ndoto za Alinacha. Likisikiwa peke yake, humfanya King mtu wa kutamani tu. Likisikiwa baada ya hundi iliyorudishwa, hueleza jinsi nchi itakavyokuwa deni likilipwa. Hata orodha ya milima mwishoni imebeba dai. Inaanzia New Hampshire, inafika California, kisha inarudi Kusini, hadi Stone Mountain katika Georgia, mlima ambapo Ku Klux Klan ilifufuliwa mwaka 1915. King anaamuru uhuru ulie kutoka juu ya mlima huo huo. Asiyefahamu mdaiwa ni nani atadhani anasifu uzuri wa nchi.

Siku 18 baadaye bomu lililipuka katika kanisa mjini Birmingham, likawaua wasichana wanne. Sheria ya Haki za Raia ilipatikana mwaka 1964, na ile ya kupiga kura mwaka 1965. King mwenyewe aliuawa Memphis tarehe 4 Aprili 1968, alipokuwa amekwenda kuwatetea wafanyakazi wa usafi waliogoma. Mambo hayo yanapatana na dakika za kwanza za hotuba kuliko na kipande tunachokipenda.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu, kama saa ya darasa haitoshi, afadhali tuanze na hundi. Mwanafunzi yule aliiandika insha yake upya, na neno kusubiri hakulitumia tena.