Kutoroka na Kugoma: Mfanyakazi wa Mashamba ya Thika na Ruiru katika Maandishi Mawili

Msomaji anayetafuta mgomo katika maandishi yanayohusu Thika na Ruiru katika robo ya kwanza ya karne ya 20 hurudi mikono mitupu, na ni rahisi akahitimisha kwamba mfanyakazi wa mashamba yale alikuwa bado hajazinduka. Hukumu hiyo ni ya pupa. Dhana ya mgomo tuliyoizoea imetoka kiwandani, penye lango moja ambapo wagomaji huweza kusimama na kuwazuia wenzao wasiingie. Shamba la kahawa au la mkonge halina lango la namna hiyo. Vibarua wametawanyika, na kila mmoja amefungwa na mkataba wake. Isitoshe, Sheria ya Mabwana na Watumishi, iliyotungwa mwaka 1906 na kufuatiwa na nyingine mwaka 1910, ilimhesabu anayeacha kazi kabla ya mkataba kwisha kuwa mhalifu. Kwa hiyo kitendo kilichokuwa cha kugoma kiliandikwa katika daftari za dola kwa jina la kutoroka. Mhakiki asiyelitilia shaka jina hilo anahakiki kwa macho ya mwajiri.

Kitabu cha Elspeth Huxley, The Flame Trees of Thika, kilichotolewa mwaka 1959, ni mfano mwafaka. Kinasimulia jinsi Robin na Tilly walivyoanzisha shamba la kahawa karibu na Thika kabla ya vita vya 1914. Ufundi wa mwandishi katika kuchora mandhari na watu hauna ubishi. Lakini tazama mahali alipomweka msimulizi wake: ni mtoto. Mtoto hapangi mishahara wala haulizi kodi inalipwa kwa nini. Huona tu kwamba leo vibarua wamekuja na kesho hawakuja. Basi kukataa kazi kunageuka kuwa ajabu ya tabia ya Mwafrika, jambo la kuchekesha. Wala ukimya huo hautokani na kutojua. Huxley huyohuyo alikuwa ameandika mwaka 1935 wasifu wa Lord Delamere, White Man's Country, ambamo suala la kupata vibarua linajitokeza kama suala la siasa. Alichokijua mwanahistoria, msimulizi mtoto amekisahaulishwa.

Maandishi ya pili ni tawasifu ya Harry Thuku, iliyotolewa mwaka 1970. Thuku alizaliwa Kambui, katika Kiambu, wilaya iliyozungukwa na mashamba ya walowezi. Katika kitabu hiki mambo yaliyofichwa na mwenzake yanatajwa kwa majina yao: kodi, kipande, wanawake na wasichana kulazimishwa kwenda kufanya kazi mashambani, na uamuzi wa walowezi wa mwaka 1921 wa kupunguza mshahara kwa theluthi moja.

Kipande ndicho ufunguo wa uhakiki huu. Kilipoanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kikiwa na alama za vidole na kuvaliwa shingoni ndani ya kikebe cha chuma, mtoro aliweza kufuatwa kokote aendako. Njia ya zamani ya kukataa, ya mtu mmoja mmoja usiku, ilizibwa. Palipobaki ni kukataa kwa pamoja na mchana kweupe. Hapo ndipo Jumuiya ya Afrika Mashariki, East African Association, ya mwaka 1921 inapoeleweka: ilijitoa katika jina la kabila moja, na gazeti lake dogo, Tangazo, likaandikwa kwa Kiswahili, lugha ambayo vibarua wa makabila mbalimbali waliweza kuisikia pamoja.

Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi, 1922. Wafanyakazi wa Nairobi wakaacha kazi, wakasimama mbele ya kituo cha polisi wakidai aachiliwe. Tarehe 16, baada ya Muthoni Nyanjiru kuwasuta wanaume waliokuwa wakisitasita, polisi walifyatua risasi. Serikali ilihesabu maiti 21. Mashahidi walitaja zaidi. Hatimaye wagomaji walikuwa wamepata lango la kusimamia, nalo halikuwa la shamba wala la kiwanda, bali la dola yenyewe.

Hata hivyo tawasifu hii nayo ina upungufu. Thuku aliyeisimulia alikuwa mzee, mkulima wa kahawa, aliyekwisha kuachana na siasa kali zamani na kuwapinga Mau Mau. Umati unaonekana kama wafuasi wa kiongozi, si kama watu waliokuwa wakikataa kazi kabla hajasimama. Huxley amemfanya mtoro kuwa kichekesho. Thuku amemfanya kuwa mfuasi. Hakuna kati yao aliyemfanya mhusika mkuu.

Pengo hilo lina maana kwa fasihi ya Kiswahili. Neno mgomo lisipewe wale tu waliokuwa na chama na mabango. Mchuma kahawa wa Ruiru aliyeondoka usiku mkataba ukiwa mkononi alijua kwamba akikamatwa atafungwa, na bado aliondoka. Mwandishi atakayemtendea haki hatalazimika kumbunia ushujaa. Atatosheka kulibadilisha neno lililoandikwa mbele ya jina lake.