Depite akitoka, nani alipe kura ya pili?

Juma iliyopita, katika kikundi chetu cha WhatsApp cha wahitimu, mwenzetu mmoja aliandika hivi: depite yeyote anayeacha kiti chake katikati ya muhula, alipe uchaguzi mdogo kwa mfuko wake mwenyewe. Vidole gumba vikanyesha, na mimi pia nilitia changu. Usiku nikaanza kufikiri, nikaona nilikubali haraka mno. Leo nataka kuikosoa hoja hiyo, na kidole changu pamoja nayo.

Tuanze kwa kusema ukweli: hasira ya mwenzetu iko na msingi. Angalieni jirani zetu wa Tanzania. Kule, mbunge akihama chama kilichompeleka bungeni, anapoteza kiti, na jimbo linapiga kura tena. Mwezi wa 12, 2017, mbunge wa Kinondoni, Maulid Mtulia, aliacha CUF akaenda CCM. Godwin Mollel wa Siha naye akatoka Chadema, akaingia CCM. Tarehe 17 Februari 2018 uchaguzi mdogo ukafanyika, na nani waligombea viti vile? Ni wao wenyewe, na wakashinda. Mwezi wa 9 mwaka ule ule, Mwita Waitara wa Ukonga na Julius Kalanga wa Monduli wakapita njia ile ile.

Maana yake nini? Mtu anatoka kwa mlango wa mbele, anazunguka nyumba, anaingia tena kwa mlango ule ule. Kubadilisha kofia tu. Lakini karatasi za kura, wino, gari, posho za wasimamizi, polisi, vyote vinalipwa na mwananchi. Na Kinondoni bei haikuwa ya feza peke yake. Tarehe 16 Februari 2018, siku moja kabla ya kura, polisi walikuwa wakitawanya wafuasi wa upinzani. Risasi ikampata mwanafunzi wa chuo aliyekuwa amekaa ndani ya daladala. Akafa. Mwanafunzi kama weye unayesoma hapa, na kiti kile kikarudi kwa mtu yule yule. Fatura ya namna hiyo, nani ataleta feza ya kuilipa?

Basi, tumwambie anayehama alipe? Hapa njo ninaachana na mwenzetu.

Sababu ya kwanza: viti havibaki wazi kwa sababu moja. Depite anaweza kufa. Tutapelekea mjane fatura? Hapana. Kiti ni cha wananchi, si cha marehemu, kwa hiyo hazina ya leta njo inalipa, na ni haki. Hata hapo kuna namna ya kulipa vibaya. Kule New Jersey, Marekani, seneta Frank Lautenberg alikufa tarehe 3 Juni 2013. Gavana Chris Christie akaweka uchaguzi maalum tarehe 16 Oktoba, siku 20 tu kabla ya uchaguzi wa jimbo wa tarehe 5 Novemba, ambako yeye mwenyewe alikuwa mgombea. Makisio ya wakati ule yalikuwa karibu milioni 12 za dola kwa mchujo, na milioni 12 zingine kwa kura yenyewe. Wangeweza kuunganisha kura ya mwisho na ile ya Novemba. Kwa hiyo kosa halikuwa la aliyekufa. Swali lilikuwa juu ya aliyechagua tarehe.

Sababu ya pili: feza haimzuii mwenye feza. Ukisema anayehama alipe, depite maskini mwenye dhamiri, anayetaka kuacha chama kinachoiba, atabaki amefungwa kama mbuzi. Yule anayenunuliwa hana shida, mnunuzi atamlipia. Ukisema basi chama kinachompokea kilipe, kumbuka kwamba Tanzania vyama vikubwa vinapata ruzuku ya serikali. Feza itatoka kwa mwananchi, itapita ofisi ya chama, itarudi kwa tume ya uchaguzi. Tutakuwa tumezungusha makuta tu. Mbaya zaidi, adhabu inageuka bei ya sokoni: lipa, kisha fanya unavyotaka.

Kwa mawazo yangu, dawa ni nyepesi kuliko fatura. Anayeacha kiti kwa mapenzi yake asigombee katika uchaguzi mdogo alioufungua mwenyewe. Angoje uchaguzi mkuu. Akitaka kuhama, ahame, dhamiri yake ni yake. Lakini biashara ya kutoka na kurudi itakuwa imekwisha, kwa sababu mnunuzi hanunui mtu asiye na kiti.

Najua mtaniambia: weye unasumbuka na Watanzania, siye huku Kongo hatuna shida hiyo, tuko na masiplea. Ni kweli. Katiba yetu ya 2006 inasema depite wa taifa anachaguliwa na masiplea wawili. Depite akifa, au akiacha chama chake kwa kusudi, siplea wa kwanza anaingia. Hakuna kampeni, hakuna kura ya pili. Kwa nchi kubwa kama yetu, ambako kufikisha masanduku ya kura kwenye eneo moja ni kazi ya ndege na mtumbwi, hiyo ni akiba kubwa.

Lakini rahisi si bure. Mwaka 2023 nilisimama mbele ya mashine ya kura, nikatafuta namba na picha ya mtu wangu, nikabonyeza. Masiplea wake? Sikuyajua majina yao, na sikuuliza. Sisi wote tunajua jinsi wagombea wengi wanavyojaza nafasi zile: bibi, mtoto, mdogo wake. Kisha depite anaitwa serikalini, anakuwa waziri. Tangu katiba ilipobadilishwa mwaka 2011, kiti chake kinamngoja: akifukuzwa uwaziri, anarudi. Siplea anakilinda tu, kama mtu anayeshikilia nafasi kwenye foleni ya maji. Wapiga kura hawalipi franka hata moja, lakini wanalipa kwa sauti yao.

Na hata sisi kuna mahali siplea hasaidii. Masimanimba na Yakoma, CENI ilifuta matokeo ya 2023 kwa sababu ya udanganyifu, kura ikarudiwa tarehe 15 Desemba 2024. Karibu mwaka mzima watu wale walikuwa bila depite. Hapo njo ningekubali fatura iende kwa mtu: yule ambaye hukumu ya tribinali imethibitisha kwamba aliiba. Kuhama chama ni uhuru wa mtu. Kuiba kura ni uharibifu, na mharibifu analipa.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Kifo: leta ilipe, na tarehe ichaguliwe kwa akili. Kuhama: leta ilipe, lakini aliyehama akae pembeni. Wizi: mwizi alipe. Na siplea: jina lake na sura yake vionekane pale ninapopiga kura, pembeni ya mgombea, na asiwe wa nyumba yake.

Mwenzetu wa kidole gumba, usikasirike, nakungoja kwa majibu. Na ninyi wengine, kabla ya kuanza kunishambulia, andikeni hapa chini majina ya masiplea wawili wa depite mliyemchagua. Bila kuuliza mtu. Mimi nilijaribu jana jioni, nikashindwa.