"Provocatively" na Kielezi cha Uchokozi katika Tafsiri

Aghalabu mfasiri wa Kiswahili akutanapo na kielezi cha Kiingereza "provocatively" huandika "kwa uchokozi", kisha akaendelea na sentensi ifuatayo. Tafsiri hii si kosa daima, lakini imekubaliwa mno bila ya kupimwa.

Asili ya neno hilo ni kitenzi cha Kilatini "provocare", yaani kumwita mtu ajitokeze. Mwito huo haukuwa lazima wa ugomvi: katika Rumi ya kale, "provocatio" ilikuwa haki ya raia kukata rufani mbele ya umma dhidi ya uamuzi wa hakimu. Kiingereza nacho kimehifadhi upana wa maana. Mtu husema "provocatively" akitafuta shari. Mwandishi huipa insha yake kichwa "provocatively" ili wasomaji wafikiri. Na mtu huambiwa amevaa "provocatively", yaani kwa namna idhaniwayo kuamsha ashiki.

Kiswahili huzitenga maana hizi. "Kuchokoza" hukaribiana na "kuchokoa" na "kuchokonoa": mna kijiti kinachomdunga aliyetulia. Hivyo basi "kichokozi" humlaumu mtendaji. Insha iliyoandikwa "kwa uchokozi" ni insha ya shari, ilhali iliyokusudiwa ni ya kuchochea fikira. Vazi "la kichokozi" nalo humtwika mvaaji nia ambayo pengine ilikuwa katika jicho la mtazamaji tu.

Uzito wa jambo hili hudhihirika zaidi mahakamani. Kwa mujibu wa vifungu vya 207 na 208 vya Kanuni ya Adhabu ya Kenya, aliyeua kwa hasira ya ghafla baada ya kughadhibishwa anaweza kuhesabiwa kuwa ameua bila kukusudia. Shahidi akisema kwa Kiswahili kwamba marehemu "alicheka kicheko cha kuudhi", ameeleza athari ya kicheko, wala hakutaja nia ya aliyecheka. Mkalimani akitoa "he laughed provocatively", ameongeza nia, na zaidi ya hayo ameiazima istilahi ya sheria yenyewe. Swali ambalo mahakama ilipaswa kuliamua limekwisha kujibiwa na kielezi.

Hapana budi mfasiri ajiulize kwanza: je, neno laeleza nia ya mtendaji ama athari kwa mtendewa? Pili, atambue kwamba mara nyingi Kiswahili hakihitaji kielezi hapa. Kudhihaki, kukebehi, kusimanga na kupiga vijembe ni vitenzi vinavyobeba namna ndani yake. Tena kijembe kina hila isiyomo katika "provocatively": humchoma alengwaye, na mpigaji akabaki na nafasi ya kukana. Anayekifasiri kwa kielezi hicho humnyang'anya msemaji kinga yake, na msomaji wa Kiingereza hatajua kamwe kwamba kinga hiyo ilikuwapo.