Santuri Isiyo na Mpiga Solo

Mwaka 1967 Jamey Aebersold, mpiga saksafoni wa New Albany, Indiana, alitoa santuri ambayo mnunuzi wa kawaida angeirudisha dukani. Piano ipo, besi ipo, dramu zipo, lakini anayepaswa kupiga solo hayupo. Nafasi hiyo ameachiwa mwanafunzi, pamoja na kitabu chenye kodi, yaani sauti zinazopigwa kwa pamoja kuubeba wimbo, na maelezo ya namna ya kubuni solo papo hapo. Wazo la kurekodi muziki wenye pengo halikuwa lake. Kampuni ya Music Minus One ilianza nalo mwaka 1950. Yeye alilipeleka kwenye jazi ya kubuni, na mfululizo wake ukapita matoleo 130.

Ujanja wenyewe umo kwenye spika. Besi iliwekwa kushoto, piano kulia, dramu pande zote mbili. Mpiga besi anazima kushoto na kuishika nafasi hiyo mwenyewe. Mpiga piano anazima kulia. Santuri moja ikawafaa wote. Wala hawakuwa wapigaji wa kuokoteza: toleo la 6, la tungo za Charlie Parker, lina Kenny Barron kwenye piano, Ron Carter kwenye besi na Ben Riley kwenye dramu. Mwanafunzi yuko chumbani kwake, nyuma yake kuna mpiga besi aliyekuwa kwenye bendi ya Miles Davis.

Na bendi hiyo haimsubiri mtu. Ukipotea, kodi zinakwenda zao, nawe utafute mwenyewe pa kuingilia. Kwangu hili ndilo somo kubwa la santuri hizo, kubwa kuliko yote yaliyoandikwa kitabuni.

Kitabuni ndiko kwenye tatizo. Kuna jedwali linaloipatia kila kodi skeli yake, yaani ngazi ya sauti zinazoendana nayo, na wengi hulishika kama msahafu. Chukua mwendo wa kodi tatu uliozagaa kwenye jazi, ambao Aebersold aliutengea toleo zima la 3. Kwa sol-fa wanayoijua wanakwaya, kodi ya kwanza ni re-fa-la-do, ya pili so-ti-re-fa, ya tatu do-mi-so-ti. Jedwali linatoa skeli tatu zenye majina matatu. Zihesabu: sauti ni zilezile saba, kinachotofautiana ni pa kuanzia tu. Anayepanda na kushuka nazo hatagusa sauti mbaya hata moja, na bado msikilizaji hatajua kodi zilibadilika wapi.

Mabadiliko yanabebwa na sauti mbili. Kodi ya kwanza ina do. Ya pili inapoingia, do hiyo inashuka nusu hatua na kuwa ti. Fa imebaki palepale, inangoja. Kodi ya tatu ikifika, fa nayo inashuka nusu hatua na kuwa mi. Iangushe ti kwenye pigo la kwanza la kodi ya pili, na mi kwenye pigo la kwanza la kodi ya tatu, uone wimbo unavyosogea. Sauti nyingine zijaze katikati, na kwa kazi hiyo jedwali linatosha.

Waliotangulia hawakuwa na jedwali. Kiangazi cha 1937 Parker, akiwa bado kijana, alikwenda kupiga kwenye milima ya Ozark, Missouri, na huko akazikariri solo za mpiga saksafoni Lester Young kutoka santuri za bendi ya Count Basie. Lennie Tristano, mwalimu wa New York, aliwataka wanafunzi wake waziimbe solo hizo kwanza kabla ya kugusa ala. Gramafoni zilipokuja na mwendo wa mizunguko 16⅔ kwa dakika, kazi ikawa nyepesi zaidi: santuri ya 33⅓ ikiwekwa hapo inakwenda nusu ya kasi na kushuka oktavu moja kamili, kwa hiyo huna haja ya kutafuta ufunguo upya. Ndipo unasikia Young anavyochelewa kidogo nyuma ya dramu. Uchelewaji huo hauandikiki kwenye jedwali lolote.

Santuri ya mazoezi ina upungufu mwingine usiotibika: haikusikii. Ukinyamaza, mpiga piano wa kweli angekujibu na mpiga dramu angepunguza nguvu. Wa kwenye santuri wanapiga vilevile. Mwanafunzi akizoea hivyo, huanza kuogopa kimya na kujaza kila pengo kwa mbio za skeli, kisha akipanda jukwaani wenzake wanakosa pa kuingia.

Kwa hiyo zima spika ya kulia yenye piano, hata kama unapiga saksafoni, ubaki na besi na dramu. Jirekodi mzunguko mmoja wa wimbo, kisha msikilizishe mwenzako anayeujua wimbo. Asipoweza kukuonyesha kodi zinapogeuka, acha skeli, rudi kwenye ti na mi.