Ndege Njema na Ndege Mbaya

Neno ndege katika Kiswahili lina maana zaidi ya moja. Mbali na kiumbe arukaye, ndege ni ishara ya heri au shari impatayo mtu aanzapo jambo. Msafiri ajikwaaye mlangoni husema ametoka na ndege mbaya. Kiganja kikimwasha, hutarajia fedha. Bundi akilia juu ya paa, wenye nyumba hungojea msiba. Imani hizi zimo katika maisha yetu, na kabla ya kuzisifu au kuzilaani yafaa tuzipambanue.

Baadhi yake ni mafunzo yaliyovikwa vazi la mwiko. Wazee walikataza kufagia nyumba usiku, wakisema mfagiaji huitupa riziki nje. Kwa mwanga wa koroboi, pete au senti iliyoanguka ingeweza kweli kuzolewa pamoja na taka. Sindano nayo haikuuzwa usiku. Ikidondoka gizani, huenda ikaonwa kwanza na unyayo wa mtoto. Shauri lilikuwa jema, lakini lilifundishwa kwa hofu, na sababu yake ikafichwa.

Hapo ndipo penye kasoro. Aliyezoea kuogopa bila kuuliza humfukuza bundi, ijapokuwa ndege huyo hula panya waharibuo nafaka. Mtu huyo huyo, akifikwa na dhiki, yu tayari kumsadiki mpiga ramli amwambiaye kwamba bahati hununuliwa, na kwamba mwili wa binadamu mwenzake waweza kuwa bei yake.

Tumeyaona matokeo. Nchini Tanzania, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino wameuawa au kukatwa viungo kwa kudhaniwa kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Sheria ya Uchawi ilitungwa mwaka 1928, na Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Sheria humkamata mtenda. Kuing'oa fikra ni kazi ya elimu. Ualbino ni upungufu wa rangi mwilini urithiwao kwa baba na mama. Mwenye nao huhitaji kofia na kinga dhidi ya jua kali. Hana dhahabu ndani ya mifupa yake.

Wahenga walisema: bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi. Ikiwa bahati ya jirani haifai hata kungojewa, itafaaje kuporwa kwa panga?

Basi mwalimu asiucheke mwiko mbele ya wanafunzi, wala asiurithishe ukiwa umefungwa. Na aufungue, awaulize: imani hii yatutaka tufanye nini, kwa sababu gani, na ni nani atakayeumia? Imani itakayojibu maswali hayo tuitunze kama hekima. Itakayomtaka mwenzetu alipe kwa damu yake haistahili kuitwa utamaduni wa taifa, hata ingekuwa na umri gani.