Sifa za Picha Nyeusi

Mpigapicha wa anga la mbali hufanya jambo ambalo jirani akimchungulia atadhani usingizi umemzidi: hufunika mdomo wa darubini kwa kifuniko, kisha anapiga picha. Tena si moja. Anapiga ishirini, thelathini, kila moja ya dakika tano, na zote zinatoka nyeusi.

Nyeusi, ila si tupu. Joto la kihisi cha kamera huamsha elektroni ambazo kamera huzihesabu kana kwamba zimeletwa na nyota. Joto likipanda kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi, elektroni hizo za uongo huongezeka maradufu. Kihisi chenye nyuzi 24, jambo la kawaida usiku wa pwani yetu, hukusanya uchafu mara 16 hivi ya kile kilichopoa hadi 0. Muuza mchele hupima kwanza debe tupu. Mpigapicha naye hupima giza, kisha analitoa kwenye picha ya nyota. Sharti muda, joto na ISO vilingane na vya picha yenyewe, ndiyo maana mwenye kamera isiyo na kipoozi huzipiga usiku uleule, hata kama umande umeshamlowesha.

Hapa wengi huchanganya mambo. Picha ya giza haiondoi chenga. Chenga huja kwa nasibu, kila picha na zake. Kinachoondoka ni ule mchoro usiobadilika, pamoja na pikseli sugu zinazong'aa hata gizani. Picha moja ya giza, ukiitoa, inakuachia na chenga zake juu ya zile ulizokuwa nazo. Ndiyo sababu ya kupiga nyingi na kutafuta wastani: picha 16 hupunguza chenga hadi robo, 25 hadi moja ya tano. Subira hapa ina hesabu yake.

Halafu kuna picha bapa, ninazozipenda zaidi. Unatandaza fulana nyeupe juu ya mdomo wa darubini alfajiri, unapiga mwanga ulio sawa kila mahali, na aibu zote za kioo zinajitokeza: pembe zenye kiza, punje za vumbi zilizoacha vivuli vya mviringo. Hizi hazitolewi, bali hugawanywa, kwa kuwa vumbi huiba sehemu ya mwanga, si kiasi maalumu. Mtazame Kilimia. Nyota zake zimezungukwa na ukungu wa buluu, vumbi linaloakisi mwanga wa nyota hizo, hafifu mno. Bila picha bapa, ukiung'arisha ukungu huo unang'arisha pia kasoro za lenzi, na hutajua kipi ni cha mbinguni.

Wapo wanaopaka pembe hizo zenye kiza kwa brashi ya kompyuta mpaka zipendeze. Sawa, lakini huo ni uchoraji.

Desemba 1995 darubini ya Hubble ilikusanya picha 342 za kipande kidogo cha anga katika kundinyota la Dubu Mkubwa, zikafichua galaksi zipatazo 3,000. Picha hizo nazo zilisafishwa hivihivi, kwa kutoa na kugawanya. Hadi leo wahandisi wa Hubble hupasha vihisi joto mara kwa mara ili kuponya pikseli sugu. Zisizopona huorodheshwa kwa kupiga picha za giza.